Hei, heileji na saileji: poni aliyepumzika ale nini, na anayefanya kazi ale nini

Kuna swali linarudi kila majira, nyasi zikishakatwa na kufungwa, na majibu yake huwa vurugu tupu. Poni wangu hafanyi kazi sasa hivi, nimpe hei au heileji, na nimpe kiasi gani? Mmoja atakwambia heileji inawatia poni wazimu, mwingine atasema hei ni vumbi tupu inamaliza mapafu, wa tatu anasema poni akipumzika we mkatie chakula nusu mambo yaishe, alafu pembeni kuna mtu poni wake anavuta mkokoteni anaambiwa bila nafaka huyo hafiki popote. Wote hao wanabishana bila kupima kitu kimoja, huyu anahesabu kilo, yule anahesabu nguvu, mwingine anaangalia rangi, sasa wataelewana vipi.

Tuweke maana sawa kwanza. Hei ni nyasi zilizokatwa zikaanikwa shambani mpaka maji yakabaki asilimia 15 hivi au chini ya hapo, kisha zikafungwa marobota. Kinachoihifadhi hei ni ukavu, hakuna kingine. Saileji ni upande wa pili kabisa, nyasi zinakatwa zikiwa na maji mengi bado, zinashindiliwa na kufungiwa hewa isiingie, bakteria wanakula sukari iliyomo wanatoa asidi, na ile asidi ndiyo inazuia zisioze. Heileji ipo katikati. Nyasi zinaachwa zinyauke kidogo, zinazungushiwa plastiki tabaka kadhaa zikiwa bado na maji kama asilimia 30 mpaka 50, zinachachuka lakini kidogo tu. Zote tatu zinaweza kutoka shamba moja, nyasi zile zile, tofauti ni ulizikata lini na ulizifunga zikiwa na maji kiasi gani.

Na poni je? Ni farasi mdogo, kwenye mashindano ya kimataifa mstari umewekwa sentimita 148 begani bila viatu. Ila urefu peke yake haukusaidii kwenye kulisha. La muhimu ni kwamba wengi wa hawa poni asili yao ni sehemu ngumu, Exmoor na Dartmoor huko Uingereza, visiwa vya Shetland, milima ya Wales, sehemu zenye baridi na upepo na nyasi hafifu, kwa hiyo miili yao imezoea kubana matumizi na kuweka mafuta akiba kila nafasi inapopatikana. Shetland haruhusiwi kuzidi sentimita 107 hivi lakini ndo huyo huyo aliyekuwa akivuta vigari vya makaa ya mawe chini ya ardhi, hasa baada ya sheria ya Uingereza ya mwaka 1842 kuwakataza wanawake na watoto wa chini ya miaka 10 kufanya kazi mgodini. Kwa hiyo mtu asikudanganye poni ni mwanasesere, anapiga kazi. Ila mnyama huyo huyo ukimsimamisha bandani na kumjazia nyasi nzuri mbele yake, anaharibika haraka kuliko farasi mkubwa.

Kilo zinazodanganya

Hapa ndo penye kosa la kwanza na nadhani ndo kubwa kuliko yote. Mtu anapima kilo tano za hei, kesho kaishiwa hei anapima kilo tano za heileji, anaona kampa poni chakula kile kile. Hajampa. Chukua shuka moja ulipime likiwa kavu, alafu ulilowanishe ulipime tena, uzito umeongezeka ila kitambaa hakijaongezeka hata uzi. Nyasi ni hivyo hivyo, ndo maana watu wa lishe ya wanyama wanahesabu uzito mkavu, yaani kinachobaki ukiyatoa maji yote.

Kanuni wanayoitumia ni kwamba poni aliyepumzika anahitaji malisho yenye uzito mkavu kati ya asilimia 1.5 na 2 ya uzito wa mwili wake kwa siku, na anayefanya kazi asilimia 2 mpaka 2.5. Tumchukue poni wa kilo 200 maana hesabu yake ni rahisi. Akipumzika anataka kilo 3 mpaka 4 za uzito mkavu. Kwa hei yenye ukavu wa asilimia 85 hiyo ni kilo 3.5 mpaka 4.7 unazopima kwenye mizani. Kwa heileji yenye ukavu wa asilimia 60 ni kilo 5 mpaka 6.7. Heileji ikiwa ya maji zaidi, ukavu nusu kwa nusu, inafika kilo 6 mpaka 8. Unaona sasa, yule aliyetoa kilo tano za hei akahamia kilo tano za heileji ya maji, amempunguzia mnyama zaidi ya theluthi moja ya chakula bila kujua, na baadae anashangaa mbona poni anatafuna mbao za banda.

Utajuaje ukavu wa heileji uliyonunua? Maabara watakupimia, na kama una poni wengi ni pesa iliyotumika vizuri, ila kuna njia ya nyumbani inakupa picha. Chota kutoka katikati ya robota, sio juu, pima gramu 100 kwenye mizani ya jikoni, tandaza kwenye sahani weka kwenye maikrowevi pamoja na glasi ya maji pembeni ili nyasi zisiwake moto, washa dakika moja moja au mbili, toa, geuza, pima, rudisha. Mwanzoni inatoka mvuke na harufu kali kali ya uchachu, mizani inashuka haraka, 88, 79, 71, baadae inashuka gramu moja moja, ikigoma kushuka kabisa basi namba iliyobaki ndo asilimia ya ukavu. Ikisoma 58, una heileji ya asilimia 58. Usiondoke jikoni ukiacha inaendelea, nyasi kavu kwenye maikrowevi zinashika moto kweli.

Uzito wa poni mwenyewe nao watu wanaukisia, na wengi wanakisia chini. Kama huna mizani ya mifugo chukua utepe, pima mzunguko wa kifua nyuma tu ya miguu ya mbele kwa sentimita, pima urefu kutoka ncha ya bega mpaka mfupa wa makalio, zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha kwa urefu, gawa kwa 11,880. Mzunguko 140 na urefu 130 inakupa kilo 214 na kitu. Sio sahihi kwa asilimia mia ila ukipima kila wiki mahali pale pale utaona anakwenda wapi, juu au chini, na hilo lina faida kuliko namba yenyewe.

Kutafuna ni hitaji, sio anasa

Kabla hatujafika kwenye kupumzika na kazi lazima tupite tumboni. Poni hana matumbo ya kucheua kama ng'ombe. Tumbo lake ni dogo, na kazi ya kuvunja nyuzinyuzi inafanyika nyuma kabisa kwenye utumbo mpana, huko kuna bakteria na vijidudu wengine wanaogeuza nyuzinyuzi kuwa asidi ndogo ndogo za mafuta ambazo mwili unazichoma kama nishati. Yaani nyasi kwa poni ndo chakula chenyewe na ndo chanzo cha nguvu, wala sio kitu cha kujazia tumbo wakati anasubiri nafaka.

Alafu kuna hili la asidi. Tumbo la farasi linatoa asidi muda wote, ale asile, lakini mate yanayopoza ile asidi yanatoka pale anapotafuna tu. Ukimwacha masaa sita, saba, nane bila kitu mdomoni asidi inachoma ukuta wa tumbo, ndo vidonda vya tumbo vinaanzia hapo, na tabia kama kung'ata mbao au kuyumba yumba bandani nazo mara nyingi zinahusishwa na njaa ya kutafuna. Farasi mkubwa anachukua kama dakika 40 kumaliza kilo moja ya hei, poni mara nyingi anachukua zaidi, wakati kilo ya oti inaisha ndani ya dakika 10 hivi. Ukimwondolea hei ukamwekea nafaka umempa nguvu ila umemnyang'anya masaa ya kutafuna.

Kwa hiyo swali la poni aliyepumzika na poni wa kazi linabadilika. Watu wanauliza nimpunguzie kiasi gani, wakati ilitakiwa waulize nimpe nyasi ya aina gani.

Angalia hesabu hii. Baraza la Utafiti la Marekani kwenye mwongozo wake wa mwaka 2007 wa lishe ya farasi linaweka mahitaji ya kawaida ya mnyama asiyefanya kazi kama megakalori 3.33 (megakalori ni kipimo cha nishati) kwa kila kilo 100 za mwili, kwa poni wetu wa kilo 200 ni 6.7 kwa siku. Kazi nyepesi inaongeza asilimia 20, anafika 8. Kazi ya wastani asilimia 40, karibu 9.3. Kazi nzito asilimia 60, kama 10.7. Sasa nyasi zilizokatwa zikiwa zimekomaa, mashina mengi, vichwa vya mbegu vimeshatoka, zinaweza kuwa na megakalori 1.75 hivi kwa kilo ya uzito mkavu. Zilizokatwa mapema, majani mengi, laini, zinafika 2.2 au kupita. Poni aliyepumzika anajitosheleza kwa kilo 3.8 za ile iliyokomaa. Poni wa kazi ya wastani anajitosheleza kwa kilo 4.2 za ile ya majani. Tofauti ya nguvu ni kubwa, tofauti ya kiasi kinachopita mdomoni ni chini ya nusu kilo! Wote wawili wanatafuna karibu muda ule ule, tumbo limejaa karibu sawa, ulichobadilisha ni nyasi.

Geuza sasa uone balaa. Mpe aliyepumzika ile ya majani, kilo 3 tu zinamtosha, muda mwingi anabaki na mdomo mtupu, au umwachie ale atakavyo anenepe. Mpe wa kazi ile iliyokomaa, anahitaji kilo 5.3, hiyo ni zaidi ya asilimia 2.6 ya mwili wake, wengine hawataimaliza na watakonda huku wavu wa kulishia una nyasi. Kwa hiyo anayesema heileji inatia wazimu huenda alikuwa na heileji iliyokatwa mapema akampa poni asiye na kazi. Nishati ya ziada kwa mnyama asiyetoka bandani lazima ionekane mahali. Ile plastiki haina kosa. Kuna heileji za nyasi zilizokomaa zenye nishati ndogo kuliko hei nyingi tu, na kuna hei zina nguvu kupita heileji ya jirani.

Poni aliyepumzika

Hatari yake kubwa ni unene na kwato. Laminaitisi, ule uvimbe wa tishu zinazoshikilia mfupa ndani ya ukwato, kwa poni mara nyingi inaanzia kwenye insulini, homoni inayoshughulikia sukari ya kwenye damu. Mwaka 2007 huko Australia watafiti waliwapandishia insulini poni wazima wasio na tatizo lolote, wakawaweka hivyo siku kadhaa, na wakapata laminaitisi. Kabla ya hapo wengi waliona ni mambo ya utumbo peke yake. Kwa hiyo kwa poni mnene, mwenye shingo iliyotuna mafuta juu na kuwa ngumu, sukari ya kwenye nyasi ni jambo la kuangalia kwa makini, na kiwango ambacho madaktari wengi wanakitaja ni sukari na wanga visizidi asilimia 10 mpaka 12 ya uzito mkavu.

Na sukari haionekani kwa macho, hapo ndo watu wanapigwa. Hei ya kijani sio lazima iwe na sukari nyingi, na hei iliyopauka sio lazima iwe salama, kupauka kunakwambia tu jua liliipiga, na vitamini zake zimepungua. Kinachoathiri sukari ni aina ya nyasi, hali ya hewa, na saa ya kukata, maana nyasi zinatengeneza sukari mchana kutwa na kuitumia usiku, zilizokatwa jioni ya siku ya jua kali zina sukari zaidi ya zilizokatwa alfajiri. Baridi ya usiku inayogandisha nayo inaziba matumizi, sukari inabaki humo. Kama poni wako ameshawahi kuugua kwato, pima hiyo hei maabara, acha kukisia.

Kuloweka kunasaidia, ila kuna maneno mengi ya uongo hapo pia. Kuloweka dakika 10 mpaka 30 ni kwa ajili ya vumbi. Kutoa sukari kunataka muda zaidi, saa moja na kuendelea, na matokeo hayatabiriki, robota moja linapoteza sukari kidogo sana lingine linapoteza sehemu kubwa, kwa hiyo usilowekee hei mbaya ukajiambia sasa imekuwa nzuri. Kwenye joto usiiache masaa mengi, inaanza kuchacha na bakteria wanazaliana. Yale maji yanabaki ya kahawia na yana harufu, usiyamwage kwenye mto wala bwawa, yanakula hewa ya maji na kuua samaki. Na wale wanaosema hei iliyolowekwa haina kitu tena, hapana, sukari na baadhi ya madini kama potasiamu vinapungua lakini nyuzinyuzi zote zimo. Ndo maana anayeloweka kila siku inabidi aongeze madini kutoka kwingine.

Vipi heileji kwa mnyama huyu? Kuchachuka kunakula sukari kidogo kweli, ila heileji kavu inachachuka kidogo mno kiasi kwamba usiitegemee. Tena kuna utafiti uliofanywa kwa poni wenye shida ya insulini, heileji ikawapandishia insulini kuliko hei iliyolowekwa. Mimi kwa poni mnene ningemwekea hei iliyokomaa, nimemaliza.

Sasa hili naomba lisomwe mara mbili. Poni mnene hanyimwi chakula. Ukimkatia chakula ghafla mwili unamwaga mafuta kwenye damu kwa wingi kupita ini linavyoweza kushughulikia, inaitwa haipalipimia, na poni, punda na farasi wadogo sana ndo wanaopatwa zaidi, na wengi wakishafika hapo wanakufa. Anakuwa mnyonge, hataki kula kabisa, na kutokula kunazidisha tatizo. Kupunguza uzito kunafanywa kwa kushuka taratibu mpaka malisho yenye uzito mkavu wa asilimia 1.5 ya mwili wake, chini ya hapo ni na daktari wa mifugo tu pembeni yako. Unachopunguza ni nguvu iliyomo, na kasi ya kula unaipunguza kwa wavu wenye matundu madogo, au nyavu mbili moja ndani ya nyingine. Majani makavu ya oti au shayiri, yale mabua yanayobaki baada ya nafaka kuvunwa, yanaweza kuchanganywa mpaka kama theluthi ya malisho, taratibu, kwa mnyama mwenye meno mazima na maji ya kutosha, la sivyo yanaziba utumbo.

Poni wa kazi

Kwanza tuambizane ukweli kuhusu neno kazi. Kumpanda mara mbili tatu kwa wiki, kutembea na kukimbia kidogo, hiyo ni kazi nyepesi, kwa poni wetu ni megakalori 1.3 hivi juu ya kupumzika, na poni wengi hei nzuri kidogo inamaliza kazi hiyo. Watu wengi wanalisha kazi waliyopanga kuifanya, sio waliyoifanya.

Hata kazi ya kweli nyasi inabeba sehemu kubwa kuliko watu wanavyoamini. Huko Sweden kuna farasi wa mbio za mikokoteni waliofanyishwa mazoezi ya ushindani kwa malisho ya nyasi tupu bila nafaka, ila sio nyasi za hivi hivi, zilizokatwa mapema zenye nishati na protini ya kutosha. Hapa heileji inang'aa, kwa sababu nyasi zilizokatwa mapema ni shida kuzikausha ziwe hei kamili, na kwenye plastiki majani hayapukutiki. Kama bado nishati haitoshi, mafuta ya mboga kidogo au mabaki ya kiazi sukari (kile kinachokamuliwa sukari) yaliyolowekwa yanasaidia kabla hujaikimbilia nafaka. Nafaka ikibidi, gawa milo midogo, wanga usizidi gramu 1 kwa kilo ya mwili kwa mlo mmoja, kwa poni wetu ni gramu 200, yaani kama nusu kilo ya oti na basi.

Kumfanyisha kazi tumbo likiwa tupu ni desturi mbaya iliyozoeleka. Mpe nyasi kidogo nusu saa hivi kabla, ile nyasi inatanda juu ya asidi isirukie sehemu ya juu ya tumbo anapokimbia. Nyasi za utumbo mpana pia zinashika maji na chumvi, kwa kazi ya masaa mengi hiyo ni akiba anayoitumia akitoka jasho. Kuhusu jasho, nyasi ina sodiamu ndogo, jiwe la chumvi au chumvi ya kawaida kwenye chakula ni lazima. Na malisho yote yaliyohifadhiwa, hei hasa, yanapoteza vitamini E kadri yanavyokaa, misuli inayofanya kazi inaihitaji, kwa hiyo ongeza vitamini E na madini kama shaba na zinki kwenye mchanganyiko mdogo uliotengenezwa kwa ajili hiyo. Ukilisha nyasi za joto kama setaria, bafeli au kikuyu angalia kalisiamu, zina oksaleti, kemikali inayoifunga, na farasi aliyelishwa hizo muda mrefu bila kalisiamu ya ziada mifupa ya uso inavimba.

Mapafu nayo ni chombo cha kazi. Hei yenye vumbi na mbegu za ukungu inamletea pumu, utaisikia kwenye kikohozi cha mwanzo wa kukimbia, kimoja viwili, watu wanasema anasafisha koo tu. Loweka, au itie kwenye mvuke, mvuke unaua ukungu na bakteria vizuri kuliko maji ila usiutegemee kuondoa sukari. Heileji haina vumbi hilo, kwa poni wa pumu ni nafuu kubwa.

Plastiki ikitoboka

Uzuri wa heileji una bei yake. Farasi na poni wanaathirika vibaya sana na sumu ya botulizimu, ng'ombe anaweza kula saileji mwaka mzima na poni akafa kwa robota moja. Bakteria wake anazuiwa na asidi kali au na ukavu. Saileji nzuri ina asidi, hei ina ukavu, heileji asidi yake mara nyingi haifiki kiwango cha kuzuia, inategemea ukavu, kwa hiyo ikifungwa na maji mengi bila kuchachuka sawasawa haina ulinzi wowote. Udongo uliochotwa na mashine na mnyama mdogo aliyekufa akafungiwa ndani ndo vyanzo vyake. Tundu kwenye plastiki, harufu ya kuoza au ya mkojo mkali, utelezi, mabaka meupe au meusi, tupa robota zima, usichambue sehemu nzuri. Poni akianza kushindwa kumeza, ulimi umelegea, kope zinashuka, miguu inatetemeka, mpigie daktari sasa hivi. Robota likishafunguliwa litumike siku 3 mpaka 5 kukiwa na joto, baridi ikiwepo linafika wiki. Kwa hiyo mwenye poni mmoja na marobota makubwa, tafuta mtu wa kugawana naye au rudi kwenye hei.

Hei nayo isikupumbaze. Ikifungwa na maji zaidi ya asilimia 20 inapata joto ndani, inaota ukungu, na ghala zimewahi kuwaka zenyewe wiki chache baada ya mavuno. Ingiza mkono katikati ya robota, ukihisi uvuguvugu litoe nje. Na magugu yenye sumu, kama yale ya maua ya njano ya jamii ya senesio, yakikaushwa yanabaki na sumu ila ule uchungu uliokuwa unamfukuza mnyama unapungua, anakula bila kusita na ini linaharibika polepole.

Kuhama kutoka kazi kwenda mapumziko

Zamani farasi wa mikokoteni walipumzishwa Jumapili wakiwa na mgao ule ule wa siku za kazi, Jumatatu asubuhi wakifungwa kwenye mkokoteni misuli inakakamaa, mkojo unatoka mweusi, ndo ukaitwa ugonjwa wa Jumatatu asubuhi. Kwa hiyo poni akiumia mguu au kazi ikikatika ghafla, nafaka inakatwa siku ile ile, usisubiri wiki iishe. Nyasi ni kinyume chake, hazibadilishwi siku moja. Bakteria wa utumbo mpana wanahitaji muda wa kuzoea, na kubadili hei ghafla ni moja ya vitu vinavyohusishwa sana na koliki, yale maumivu ya tumbo yanayoua farasi. Chukua siku 10 mpaka 14, robo ya nyasi mpya kwa siku tatu nne za kwanza, kisha nusu, kisha robo tatu, ukiangalia mavi kila asubuhi. Yakiwa maji maji au yakawa makavu madogo madogo, simama kwenye kiwango hicho siku mbili tatu kabla ya kuendelea. Kumrudisha kazini ni hivyo hivyo, na hapo kazi ndo inatangulia, nyasi ya nguvu inafuata pale mbavu zinapoanza kuonekana na utepe unapokwambia anashuka.